Kupwelewa

Wiki iliyopita vijana watatu wa mtaa wetu walikuja kunitafuta nyumbani. Wamechanga pesa zao, wanataka kwenda Lamu Desemba, na walisikia kuwa mimi nilishafika huko. Waliniuliza yale yale niliyokuwa nikiyauliza mimi kabla ya safari yangu: nauli ya basi, bei ya chumba, nguo za kuvaa, samaki anauzwaje. Niliwajibu yote. Kisha nikawaomba wakae, maana kulikuwa na jambo moja ambalo hawakuliuliza. Mimi pia sikuliuliza, na nusura shangazi yangu afe kwa sababu hiyo. Niliyowasimulia ndiyo haya.

Bondeni ni miongoni mwa mitaa ya kale ya Waafrika hapa Nakuru. Reli ilifika mji huu mwaka 1900, ikaja na watu wa kila namna, na miongoni mwao walikuwa watu wa pwani. Walileta msikiti, walileta pilau, walileta lugha. Ndiyo maana mtoto wa Bondeni hukua akijiona ana kwao kwingine baharini, hata kama hajawahi kuiona bahari kwa macho. Mombasa nako kuna mtaa uitwao Bondeni, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu wa hapa ajione ni jamaa wa huko. Sisi wa nyumbani kwetu tulikuwa hivyo. Babu yangu alikuwa akisema asili yetu ni Lamu. Hakuwahi kutupeleka, lakini alisema. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alilichukua neno hilo akaliweka moyoni miaka sitini, na alipostaafu aliniambia jambo moja tu: kabla sijafa, mwanangu, nipeleke.

Tulikwenda watu tisa, likizo ya Desemba. Tulipanda matatu hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, kisha basi la alfajiri kupitia Malindi, Garsen na Witu, vizuizi vya polisi kila mara, mpaka Mokowe ambapo barabara inakwisha na boti zinaanza. Kila tuliyemuaga Bondeni alitupa onyo moja: mtapunjwa. Mkifika gatini mtazungukwa, kila mtu atataka kuwabebea mzigo, kila mtu atawatajia bei ya wageni, msikubali, teteni. Tukafika tumejiandaa kama watu waendao vitani. Nilitetea nauli ya boti, nikatetea chumba, nikatetea hata bei ya maji ya madafu, na kila niliposhinda shilingi hamsini nilihisi nimeilinda jamaa yangu.

Nalitaja hili mapema kwa sababu ndipo kosa lilipoanzia. Mtu akijiwekea kwamba kila aambiwalo ni hila ya kumtoa pesa, masikio yake hubaki na kazi moja tu. Anasikia bei. Mengine yote yanampita.

Mji wenyewe sitauelezea sana, umeelezwa na wengi. Mji Mkongwe wa Lamu uliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ukiingia vichochoroni mwake huhitaji kuambiwa sababu. Kuta za mawe ya matumbawe, dari za boriti za mikoko, milango iliyonakshiwa, na punda wanaopita na mizigo huku mwenye punda akipaza sauti upishe. Nawaambia vijana: pisheni. Msimpige picha mwanamke bila kumwomba ruhusa. Msipite mbele ya msikiti na kaptura. Haya ni mambo ya adabu, na mtoto aliyelelewa Bondeni anayajua bila kufundishwa.

Siku ya tatu asubuhi tulizuru ngome. Ilianza kujengwa karibu na mwaka 1813 na kumalizika 1821, na kwa miaka mingi baadaye ilikuwa jela kabla ya kufanywa makumbusho. Kijana aliyetutembeza alitueleza habari za vita vya Shela, mnamo 1812 au mwaka uliofuata. Majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalikuja na vyombo vyao kuuvamia mji wa Lamu, yakateremka ufukweni pale Shela. Watu wa Lamu waliwatokea wakapigana nao, na wavamizi wakazidiwa. Wakageuka kukimbilia vyombo vyao. Wakakuta maji yamekupwa, na vyombo vimelala mchangani kama ng'ombe waliochinjwa. Hakikwenda chombo. Waliuawa pale pale kwa wingi, na huelezwa kuwa mpaka siku hizi upepo ukifukua vilima vya mchanga vya Shela, mifupa hutokeza. Baada ya vita Lamu iliomba hifadhi ya Sayyid Said wa Oman, naye akaleta liwali na askari. Historia ya pwani hii yote iligeuka upande mwingine, na sababu mojawapo ni watu kutohesabu maji.

Kijana yule alilitumia neno ambalo sikuwa nimelisikia: walipwelewa. Nikamuuliza maana yake. Akasema, ni chombo kuachwa na maji. Nikaitikia kwa kichwa, nikaliandika kwenye simu yangu kwa sababu nilipenda mlio wake. Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Kufika saa moja usiku siku hiyo hiyo nilikuwa nimeketi ndani ya maana yake.

Mchana tulipanga kwenda Takwa. Ni magofu yaliyo kisiwani Manda, mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17 kisha ukahamwa. Wanaoishi Shela leo wanahesabu asili yao huko, na hurudi kufanya dua ya mvua kwenye kaburi lenye nguzo, lililo na maandishi ya miaka ya 1680. Shangazi alitaka kulisoma lile kaburi. Alikuwa na fikra, na sijui aliitoa wapi, kwamba huenda ataona jina la ukoo wetu.

Kuingia Takwa kwa chombo hupitia kijito kilichozungukwa na mikoko, na kijito hicho hupitika maji yakiwa mengi. Nahodha tuliyempata alikuwa mzee wa makamo, mtaratibu. Nilimwamkia, akaitikia, tukaelewana nauli baada ya mvutano mrefu ambao mpaka leo unanitia haya. Kisha akasema, kwa Kiamu chake:

"Mayi ya yeo ni ya bamvua, mwanangu. Yakitoka hutoka mbio. Saa kumi na moja na nusu niwaone nyote chomboni."

Nikamwambia, sawa mzee. Nilichosikia mimi ni kwamba anataka kuwahi nyumbani, na kwamba tukichelewa ataongeza bei.

Hapa niliwasimamishia vijana hadithi, nikawaeleza kitu ambacho sikukijua siku ile. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila usiku na mchana, yapata saa sita baina ya kujaa na kupwa, na kila siku hujisogeza mbele kwa muda wa dakika hamsini hivi. Saa iliyokufaa jana haikufai kesho. Tena maji hufuata mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji hupanda juu sana na kushuka chini sana, na hushuka kwa kasi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa pwani ya Kenya siku za bamvua bahari hujaa alasiri na alfajiri, hupwa katikati ya asubuhi na karibu na usiku wa manane. Mvuvi wa Lamu hahitaji jedwali. Akijua leo ni mwezi ngapi kwa hesabu ya Kiislamu, anajua chombo kitaelea saa ngapi. Sisi Waislamu wa Bondeni tunaihesabu miezi hiyo hiyo kwa ajili ya Ramadhani na Idi, wala hatujui kwamba kalenda ile ile inaendesha maji.

Tutajulia wapi? Maji tuliyokulia karibu nayo ni Ziwa Nakuru, na ziwa halina saa. Lilianza kupanda yapata mwaka 2010, likameza lango kuu la mbuga, likameza barabara na misitu ya migunga, na kwa miaka hatukuliona likirudi. Kwetu maji yanayosogea ni msiba wa miaka kumi. Kwamba maji yanaweza kuondoka na kurudi kabla hujalala usingizi mmoja, mtu wa Bonde la Ufa analijua kwa kusoma, mwili wake haujui.

Tulifika Takwa saa tisa na nusu, kijito kimejaa mpaka kwenye majani ya mikoko. Magofu ni mazuri, yametulia, mibuyu mikubwa imeota kati ya nyumba, na msikiti una nguzo juu ya kibla ambayo huitoi machoni. Shangazi alisimama mbele ya kaburi muda mrefu. Hakuona jina. Alisoma Fatiha, akafuta macho kwa ncha ya leso yake, akaniambia hata hivyo ameridhika.

Tungeondoka wakati huo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini vijana wetu walisema jua la jioni ndilo zuri kwa picha. Kisha mmoja akagundua njia inayokwenda upande wa pili wa kisiwa, upande wa bahari kuu yenye mawimbi, na wote wakataka kuona. Nahodha akaita mara ya kwanza, nikapunga mkono. Akaita mara ya pili, nikajibu dakika tano. Mara ya tatu alimtuma baharia wake, kijana wa miaka kumi na minane hivi, aliyekuja mbio akatweta mbele yangu na kusema, maji, maji. Nilimjibu maneno ambayo natamani ningeyameza. Nilimwambia, nyinyi watu wa huku mna haraka mkishapewa nauli.

Tulipanda chombo ikikaribia saa moja kasorobo. Jua lilikuwa limezama. Shangazi ana ugonjwa wa sukari, na hujidunga insulini kila magharibi, nusu saa kabla ya chakula cha jioni. Aliniuliza kama chakula ki karibu. Kule tulikofikia walikuwa wametuahidi wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikamwambia, ndiyo hivyo tunaondoka, shangazi, tayarisha tumbo. Akageukia pembeni kwa staha yake, akajidunga.

Haikupita dakika kumi. Mashine ilianza kunguruma kwa sauti nzito, nyuma ya chombo maji yakawa tope, nahodha akaizima haraka na kuinyanyua. Baharia akashika pondo akasukuma. Pondo lilizama kwenye matope mpaka kiunoni mwake. Chombo kikainama kidogo upande wa kushoto, taratibu, kama mtu anayelala, kikatulia.

Nikamuuliza nahodha tutafanyaje. Akasema tutangoja. Nikamuuliza mpaka lini. Akautazama mwezi, uliokuwa umechomoza mpevu juu ya mikoko, akasema saa tisa za usiku.

Kwanza niligomba. Nilisema tushuke tutembee. Hakunijibu, alichukua kasia akalichoma kwenye tope kando ya chombo na kuliachia, nasi tukaliona likididimia. Chini ya mikoko kuna mizizi imesimama kama misumari, na tope la kumfikia mtu mapajani. Nilisema tupige simu tuletewe boti ya kasi. Alipiga mbele yangu. Mwenzake wa upande wa pili alijibu kwamba boti yoyote inayohitaji maji ili ielee nayo itangoja maji. Ni jambo la wazi. Lakini nililazimika kuambiwa.

Maji yaliendelea kutoka mpaka kijito kikawa mfereji wa tope unaong'aa kwa mbalamwezi, kaa wakitembea kwa maelfu pale tulipoelea muda mfupi uliopita. Mbu na usubi walitushukia. Vikapu vyetu havikuwa na kitu, tulikula kila kitu Takwa. Watoto walilia kisha wakanyamaza.

Saa mbili na nusu nilisikia shangazi akiniita kwa jina la kaka yake, ambaye ni marehemu baba yangu. Nilidhani anaota. Nilipomshika mkono ulikuwa umelowa jasho, baridi, unatetemeka. Akauliza kwa nini treni imesimama. Insulini ilikuwa imeingia mwilini na chakula hakikuifuata, sukari yake ilikuwa inashuka, na mimi ndiye niliyemwambia chakula ki karibu.

Mtu wa kwanza kuelewa hakuwa mimi. Alikuwa yule baharia niliyemtukana. Mama yake, alisema baadaye, ana ugonjwa huo huo. Aliruka hadi tezi, akafungua kijisanduku chao cha chai ya tangawizi, akatoa kopo la sukari, akakoroga vijiko vitatu katika maji, akapiga goti mbele ya shangazi na kumnywesha funda kwa funda, akimwita bibi, bibi yangu, kunywa. Alisubiri robo saa, akampa tena. Nahodha akatoa kipande cha mkate wa mofa, chakula chake mwenyewe, akamega vipande vidogo. Ilipofika saa tatu na ushei shangazi aliuliza tuko wapi. Nilipomjibu, alikumbuka. Nikalia mbele ya watu wote.

Saa zilizobaki zilikuwa ndefu, na sina mengi ya kusema juu yake ila mazungumzo mamoja. Nilimwomba nahodha radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema hanilaumu kwa kutojua, kila mtu na kwao. Alichokishangaa ni kwamba sisi ni Waswahili, tunasema Kiswahili tangu utotoni, na aliponiambia maji yatatoka aliamini nimeelewa. Mgeni wa Ulaya, alisema, humweleza mara tano kwa sababu anajua hasikii lugha. Mimi alinieleza mara moja. Kisha akaniuliza kama najua pwani ni wapi.

Nikasema pwani ni hapa, ni ukanda huu wote.

"Siyo," akasema, na akauonyesha kwa mkono ule uwanja wa tope. "Pwani ni hapa panapopwa."

Tangu nizaliwe nimelitamka neno lile. Nimeandika insha shuleni juu ya watu wa pwani, nimekula vyakula vya pwani, nimejivunia asili ya pwani, na sikuwahi hata siku moja kusikia kupwa ndani yake. Nilikuwa na neno zima mdomoni, lakini saa yake nilikuwa siijui.

Nimelifikiria sana hilo tangu nirudi. Sisi wa bara tunaokwenda Lamu, Pate, Siyu au Kilwa tunajihesabu wageni nusu, kwa sababu ya dini au lugha au hadithi za babu. Nadhani hatari yetu ni kubwa kuliko ya mgeni kamili. Mgeni kamili huuliza. Kwa hiyo niliwaagiza wale vijana: mkifika, kabla ya kuuliza nauli, ulizeni mwezi ni ngapi na maji yanajaa saa ngapi. Mwambieni nahodha mlikotoka, mwambieni kwamba hamjui, ajue kuwa anazungumza na watu wa ziwa. Akiwapa saa ya kurudi, mmoja wenu akabidhiwe saa hiyo na awe na mamlaka ya kuwakusanya wote, hata mkubwa wenu. Chukueni maji, tende, sukari na taa, hata kwa safari ya saa mbili. Mgonjwa asimeze wala asijidunge dawa inayotaka chakula mpaka chakula kionekane kwa macho. Na bei, basi, teteni kwa kiasi. Mtu mliyemnyang'anya shilingi mia ndiye mtakayemkabidhi roho zenu baada ya dakika chache.

Saa tisa kasoro tuliyasikia kabla hatujayaona. Sauti ilikuwa kama ya watu wengi wakinong'ona ndani ya mikoko, kutoka kila upande. Kaa wakatoweka. Ulimi mwembamba wa maji ukapita chini yetu ukimulikwa na mwezi, ukafuatwa na mwingine, na baada ya robo saa chombo kikajiinua upande wake wa kushoto, kikatikisika, kikawa hai. Baharia alisukuma pondo mara moja tu. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipotoka kwenye mlango wa kijito na kuukuta upepo.

Tulifika Lamu adhana ya alfajiri ikianza. Mchana tulipoondoka, ngazi za gati zilikuwa wazi chini, kijani kwa utelezi, na ilibidi tumshike shangazi mabega yote mawili ili ateremke. Sasa maji yalikuwa yamezifunika karibu zote. Nahodha alisogeza chombo taratibu kikawa sawa na kipandio cha juu, na shangazi akaondoa mkono wangu begani mwake, akavuka mwenyewe.